Simu, Jani na Kisu: Akili Mnemba Katika Kutambua Maradhi ya Muhogo

Mada kwa semina ya maafisa ugani na vikundi vya wakulima, Kata ya Mkange

1. Utangulizi

Muhogo wetu wa Pwani unasumbuliwa na maradhi mawili ya virusi: batobato na michirizi ya kahawia. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, na husafiri mbali zaidi ndani ya mbegu tunazopeana jirani kwa jirani. Leo ipo programu ya simu inayoyatambua kwa kamera. Hoja yangu ni kwamba programu hiyo inafaa, ila inaona majani tu. Kwa michirizi, kisu ndicho kitakachokata shauri.

2. Ilivyofundishwa

Kazi hii ilianzia Bagamoyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, wakishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), walipiga picha za majani katika mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo. Wataalamu waliipa kila picha jina: batobato, michirizi, madoa ya kahawia, utitiri wa kijani, utitiri mwekundu, au jani lisilo na ugonjwa. Kompyuta ikapitishwa kwenye picha hizo tena na tena hadi ikazipambanua yenyewe. Kwa matokeo yaliyochapishwa 2017, ilipatia asilimia 93 ya picha ambazo haikuwahi kuziona. Baadaye ikaja programu ya PlantVillage Nuru, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi hata pasipo intaneti.

3. Ilivyopimwa shambani

Shambani kuna jua kali, kivuli na upepo unaotikisa majani. Utafiti uliochapishwa 2020 ulionesha kuwa Nuru hupatia kwa asilimia 65 ikipima jani moja. Maafisa ugani walipata asilimia 40 hadi 58, wakulima 18 hadi 31. Ilipopima majani sita ya mche mmoja, Nuru ilifikia asilimia 74 hadi 88, kwa kuwa virusi havioneshi dalili kwenye kila jani.

4. Isichokiona

Batobato haijifichi: majani machanga ya juu hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ni mwizi wa ndani. Njano yake hufuata mishipa ya majani ya chini yaliyokomaa. Mche unaweza kusimama ukiwa wa kijani, lakini ukikata muhogo wenyewe unakuta uozo mkavu wa kahawia usiolika. Kamera haifiki huko.

5. Mapendekezo

(a) Kila mche upimwe majani sita, ya juu na ya chini.

(b) Mche wenye batobato ung'olewe ungali mdogo.

(c) Kabla ya kukata mbegu, mashina machache ya pembe mbalimbali za shamba yang'olewe na mihogo yake ikatwe vipande. Ikionekana kahawia, shamba hilo lisitoe mbegu.

(d) Kwa kuwa si kila mkulima ana simu janja, kikundi kiwe na moja ya zamu, na afisa ugani aandike majibu ya kila shamba.

Naiomba semina iazimie kuwa kuanzia msimu ujao mbegu isitoke shamba moja kwenda jingine kabla ya majani kupimwa na mihogo kukatwa.