SHERIA YA UJIRA NA KIBARUA WA MSIMU

Hotuba iliyosomwa Ntalikwa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu



Nimeombwa niseme juu ya sheria za ujira, kama zingali na faida au zimekwisha kuchakaa. Nchi hii ya Unyanyembe yajua habari ya ujira tangu zamani. Mpagazi wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji hakujitwika mzigo kabla ya kupatana ujira na posho yake.

Baadaye ikaja sheria ya Waingereza ya mabwana na watumishi, ya mwaka 1923, iliyomtia kibarua hatiani akiacha kazi. Mashambani kukawa na kipande: kadi ya siku 30 za kazi, iliyopasa kumalizwa katika siku 42, na ujira ulingoja mpaka kadi ijae. Sheria ile ilifuatwa na nyingine ya mwaka 1955, nayo ikafutwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kipande kimekwisha, je, desturi yake imekwisha?

Tutazame mashamba yetu ya tumbaku. Kibarua huja kabla ya mvua, akapanda, akapalilia, akachuma na kukausha majani katika bani. Hupewa chakula na malazi, na fedha huahidiwa mwisho wa msimu, tumbaku ikisha kuuzwa. Soko likichelewa, naye huchelewa. Bei ikianguka, hupunguziwa. Hivyo hasara ya mwenye shamba hubebwa na asiye na shamba.

Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza tarehe 1 Januari 2023, iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, badala ya 100,000 za mwaka 2013. Kisha ikafuata Amri ya mwaka 2025. Hata kwa hesabu ile ya 140,000, miezi kumi ni shilingi 1,400,000. Kila mmoja wetu aulize moyo wake kama ndivyo alivyolipa.

Wako wasemao kwamba sheria hii haitufai. Nakubali nusu ya neno lao: sheria huhesabu miezi, nasi twapata fedha mara moja kwa mwaka. Lakini mkopo wetu wa pembejeo huhesabu mbolea hata mfuko wa mwisho. Kwa nini usihesabu ujira? Yafaa Chama kiweke fungu la ujira katika mkopo huo, mapatano yaandikwe mbele ya katibu wa chama cha msingi, na kibarua apokee fedha yake kila mwezi. Tena tuiombe Bodi ya Mishahara ifikirie ujira wa msimu kwa wakulima wadogo, usiopungua jumla ya miezi.

Sheria ikizeeka hurekebishwa, lakini njaa ya mtu aliyekwisha kufanya kazi haingoji marekebisho. Miaka kumi tumewadai wanunuzi bei ya haki, na huku nasi twadaiwa. Dawa ya deni ni kulipa.