Hatukuuona si Haupo

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni, nasi tunajiusia, kumcha Mwenyezi Mungu.

Kila Ramadhani inapokaribia kuingia au kwisha, sisi wakazi wa Ifakara na bonde zima la Kilombero hutoka jioni tukaelekeza macho magharibi. Upande huo imesimama milima ya Udzungwa, na mara nyingi mawingu yameilalia. Mwezi mwandamo ni mwembamba, nao hukawia kidogo tu baada ya jua kuchwa. Huenda umeandama, ukazama nyuma ya mlima nasi hatujauona. Habari zikija kwamba umeonekana kwingine, baadhi yetu husema: "Hao ni waongo, sisi tulitazama na haupo." Kwa neno hilo ndugu wa baba mmoja wamenuniana, na siku ya Idi hawakupeana mkono.

Katika Sura ya Al-Haaqqah Mola wetu ameapa kwa tunavyoviona na kwa tusivyoviona. Basi jicho letu si mizani ya kuwapo kwa vitu. Hapa Ifakara, ambako maradhi yamekuwa yakitafitiwa maabara tangu mwaka 1957, hakuna mzazi anayekana malaria ya mwanawe kwa kuwa hakuviona vimelea kwa jicho lake.

Tutazame na miezi ya mbali zaidi. Kupita sayari ya Neptuni, kuna dunia ndogo zinazolizunguka jua, nazo huitwa sayari kibete. Mojawapo ni Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930 na kuhesabiwa katika kundi hilo tangu mwaka 2006. Kwa miaka 48 wataalamu wa falaki waliiona kama nukta moja. Mwaka 1978 Mmarekani James Christy aliona katika baadhi ya picha kwamba nukta ile ina kinundu ubavuni. Ilikuwa rahisi kusema picha zimeharibika. Lakini nyota za katika picha zile zile hazikuwa na kinundu; akapekua picha za miaka ya nyuma, akakikuta tena. Kumbe ulikuwa mwezi, ukaitwa Charon, na kipenyo chake ni karibu nusu ya kipenyo cha Pluto. Ulikuwamo katika picha zao siku zote hizo, nao hawakuujua.

Sayari kibete nyingine, Makemake, ilitafutiwa mwezi usionekane. Aprili 2015 picha za darubini ya Hubble zilionyesha kando yake nuru hafifu, iliyopungua mng'aro wake kwa zaidi ya mara 1,300. Siku mbili baadaye nuru ile haikuonekana. Wataalamu hawakuikana picha ya kwanza kwa sababu ya pili. Walieleza kwamba mwezi ule, kwa jinsi unavyozunguka, mara nyingi hufichwa na mng'aro wa Makemake yenyewe. Mwaka 2016 wakautangaza.

Ndugu zangu, hatusemi darubini zichukue nafasi ya sheria. Sheria yetu iko wazi: mwezi ukifichwa na mawingu, tukamilishe siku thelathini. Wala hatusemi kila uvumi uaminiwe, kwani aletaye habari huchunguzwa. Lakini tukumbuke kwamba watu wa Madina walitoka kuutafuta mwezi wa Ramadhani, na Abdullah bin Umar akamwambia Mtume (S.A.W.) kwamba ameuona. Mtume aliukubali ushahidi wake, akafunga na akaamrisha watu wafunge. Hakumwuliza kwa nini wengine hawakuuona.

Basi aliyeuona aogope kuapa kwa asichokiona sawasawa. Asiyeuona aseme, "Sisi hatukuuona," aishie hapo. Kusema "haupo" ni kudai elimu ambayo hatukupewa, na kumwita Mwislamu mwongo bila hoja ni deni tutakalolipa Kiyama. Wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani kama mwezi wa mji mmoja unaufunga mji mwingine, na hawakukatiana salamu. Ambaye Idi iliyopita alimnunia jirani yake kwa jambo hili, leo akitoka msikitini apitie mlangoni kwake.

Ewe Mola, tuonyeshe haki tuifuate, uziunganishe nyoyo zetu. Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi. Amin.