Profesa Rao na Swali la Mwanafunzi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtaalamu wa takwimu, katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoombwa niseme machache juu ya kazi ya takwimu, nilihofu ya kwamba mtasinzia kabla ya chakula. Kwa nje kazi hii ni madaftari na tarakimu tu. Kwa hiyo nimeona afadhali niwaeleze habari za mtu mmoja aliyeifanya maisha yake yote, akawafaa wataalamu wa elimu nyingine nyingi ambao hakupata hata kuwajua kwa sura. Mtu huyo ni Profesa Calyampudi Radhakrishna Rao wa India, aliyezaliwa tarehe 10 Septemba 1920 na kufariki tarehe 22 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 102.

Rao alikuwa mtoto wa nane katika watoto kumi. Alisoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Andhra, akamaliza mwaka 1940 wakati vita vikuu vimekwisha anza. Alikwenda Calcutta kutafuta kazi ya hesabu jeshini, asiipate. Lakini mjini humo ndimo alimopata habari za Taasisi ya Takwimu ya India, iliyoanzishwa na Profesa P. C. Mahalanobis mwaka 1931. Akajiunga nayo Januari 1941. Mlango mmoja ulifungwa, akaingia kwa mwingine, na humo alikaa karibu miaka arobaini.

Mwaka 1944 Rao, kijana ambaye hajafikia hata miaka 25, alikuwa akifundisha darasani huko Calcutta. Somo la siku hiyo lilihusu kanuni ya Mwingereza R. A. Fisher, inayoeleza jinsi makadirio yanavyoweza kuwa sahihi pale sampuli inapokuwa kubwa mno. Mwanafunzi mmoja, V. M. Dandekar, ambaye baadaye alikuwa mwanauchumi mashuhuri, akauliza: je, sampuli ikiwa ndogo, hakuna kanuni ya namna hiyo?

Mwalimu hakuwa na jibu. Lakini hakumwambia kijana akae chini, wala hakusema swali hilo halimo katika mtihani. Alikwenda nyumbani, akakesha na hesabu zake, na kesho yake akarudi darasani na jibu. Mwaka 1945 lilichapishwa katika jarida la Chama cha Hesabu cha Calcutta.

Nitajaribu kulieleza jibu hilo bila kuandika ubaoni. Tuseme ghalani mna magunia elfu moja ya mahindi, nanyi mnataka kujua wastani wa uzito wa gunia. Mizani ni moja na siku ni fupi, basi mnapima magunia kumi tu. Akija mwingine akapima kumi mengine, atapata wastani ulio tofauti kidogo na wenu. Kila kadirio lina kosa lake. Swali ni hili: akitokea bingwa mwenye njia bora ya kukadiria, anaweza kulipunguza kosa hilo hadi wapi?

Rao alionyesha ya kwamba, kwa makadirio yasiyoegemea upande, upo mpaka. Chini ya mpaka huo hakuna njia inayoweza kushuka, hata mwenye kuibuni awe na akili namna gani. Mpaka huo watokana na kiasi cha habari kilichomo ndani ya vipimo vyenyewe. Nazi moja ina tui lake. Uikamue kwa ustadi uupendao, hutatoa tui ambalo halimo. Mswidi Harald Cramér naye alifikia jambo hilo hilo kwa njia yake, na ndiyo sababu mpaka huo huitwa kwa majina yao mawili.

Katika makala ile ile mlikuwa na jambo la pili: njia ya kuchukua kadirio hafifu na kulifanya bora. David Blackwell, mwanahisabati Mmarekani mweusi, aliipata vile vile bila kujua kazi ya Rao, akaichapisha mwaka 1947. Kwa lugha ya jikoni, jambo la kwanza linakuambia nazi ina tui kiasi gani. La pili linakufundisha kulirudisha chicha kwenye kifumbu na kukamua tena.

Sasa, wazee wenzangu, kwa nini hesabu ya darasa moja la Calcutta ilienea mahali pengi hivyo? Ni kwa sababu kila elimu ina shida ile ile. Mhandisi wa rada anataka kujua ndege iko umbali gani, naye hupokea mwangwi uliochanganyika na makelele. Kabla ya kutengeneza chombo chake anaweza kupiga hesabu ya mpaka wa Cramér na Rao, akajua usahihi gani anaweza kuutumaini na upi ni ndoto. Wanaosikiliza sauti chini ya bahari hufanya hivyo, na wanaopima mawimbi yatokayo kwenye nyota vile vile. Hakuna hata mmoja wao anayehitaji kuwa mtu wa takwimu. Kila mmoja ana nazi yake, anataka kujua tui.

Yeye mwenyewe hakukaa chumbani na kalamu tu. Mwaka 1946 alipelekwa Cambridge, Uingereza, kupima mifupa ya watu wa kale. Mifupa hiyo ilitoka kwetu Afrika, huko Jebel Moya katika Sudan, ambako Henry Wellcome alikuwa amefukua makaburi mengi sana kati ya mwaka 1910 na 1914. Kazi ya Rao ilikuwa kutumia vipimo vya mifupa ili kujua watu wale walikaribiana na akina nani. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1955. Na huko huko Cambridge, chini ya uongozi wa Fisher, alifuga panya ili kuchunguza mambo ya urithi wa viumbe, akapata udaktari wake mwaka 1948.

Kwa wakulima na wenye viwanda aliacha jambo jingine, alilolitoa miaka ya 1946 na 1947. Tuseme bwana shamba ana mambo saba ya kujaribu: mbegu, mbolea, nafasi, wakati wa kupanda, na kadhalika, na kila jambo lina namna mbili. Akitaka kujaribu kila mchanganyiko, atahitaji vipande 128 vya shamba. Kwa mpango wa majedwali aliouendeleza Rao, vipande 8 vyatosha kuonyesha nguvu ya kila jambo, mradi mambo hayo yasiwe yanaingiliana sana. Baadaye mhandisi Genichi Taguchi alieneza majedwali ya aina hiyo katika viwanda vya Japani.

Niwape na kisa kimoja ambacho Rao amekieleza katika kitabu chake *Statistics and Truth*. India ilipogawanyika mwaka 1947 na ghasia zikatokea, watu wengi walikimbilia ndani ya Ngome Nyekundu ya Delhi. Serikali iliweka makandarasi wa kuwalisha, nao wakaleta hesabu kubwa kubwa. Kuingia kuwahesabu wakimbizi haikuwezekana. Wataalamu wa takwimu walichukua hati za makandarasi, wakatazama mchele, dengu na chumvi. Walikuwa wanajua, kwa uchunguzi wa zamani, mtu mmoja hutumia kiasi gani cha kila kitu kwa siku. Wakagawanya. Mchele ulitoa idadi kubwa ya watu kuliko vyote, chumvi ikatoa ndogo kuliko vyote. Wakaishika ya chumvi. Mchele una bei, na mwenye kuuongeza katika hati hupata faida. Chumvi ni rahisi, haina faida kwa mwongo.

Alipofika umri wa kustaafu Rao alihamia Marekani, akafundisha Pittsburgh na kisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Mwaka 2002 alikabidhiwa Medali ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo. Na mwaka 2023, miezi michache kabla ya kufa, alipewa Tuzo ya Kimataifa ya Takwimu kwa ajili ya makala ile ya mwaka 1945. Miaka 78 ilikuwa imepita tangu makala hiyo ilipotoka.

Wadogo zangu, nasikia wengi wenu mnaikimbia hesabu mfikapo kidato cha tatu, mkidhani haina kazi isipokuwa kufundisha. Mmesikia ya rada, ya mifupa, ya shamba na ya chumvi. Na kila mtakapoambiwa tarakimu, iwe ya mavuno, ya kura au ya wagonjwa, ulizeni imetokana na magunia mangapi na kosa lake ni kiasi gani. Asiyeweza kulitaja kosa lake hajapima, amebahatisha.

Walimu wetu, nawaomba kwa heshima: mtoto akiuliza lisilomo katika muhtasari, msimkalishe. Kusema "sijui, nitakujibu kesho" hakumpunguzii mwalimu kitu.

Nasi wazee tusiishie kwenye maneno. Mahabara ya shule haina mizani ya kuaminika, na hakuna anayepima mvua hapa. Mimi natoa kipima mvua kimoja na daftari lake. Naomba chama chetu kinunue mizani. Vijana wapime kila siku asubuhi, waandike, na katika mkutano wa mwakani watusomee wastani walioupata pamoja na kosa lake.