Kupanda Kilima na Watoto: Maji Kabla ya Kiu

Leo twende Lukenya, kile kilima cha mawe unachokiona ukitoka Athi River kwa barabara ya Mombasa. Shule zikifungwa, watoto hukitazama na kusema, "Mama, tupeleke kule juu."

Ukikubali, jua yatakayokupata. Mkishuka tu kwenye matatu, mdogo atauliza, "Tumefika?" Yule uliyemwuliza nyumbani kama anataka choo akakataa, sasa anataka, tena haraka. Mwingine ameokota mawe hadi suruali inateremka. Ndizi zimepondeka mfukoni na kupaka sweta zote. Mkifika nusu ya njia, aliyekuwa akikimbia mbele ya wenzake ameketi chini, analia, hataki kuguswa.

Cheka, mama, lakini usimgombeze huyo aliyeketi. Mtoto mdogo mara nyingi hasemi, "Nina kiu." Husema kwa kulia, kununa na kugombana. Na huku kwetu kuna kitu kinachotudanganya: upepo. Athi River iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa uwanda huu hukausha jasho kabla hujaliona. Mtoto anahisi baridi, kumbe jua linamchoma na maji yanamtoka mwilini.

Basi shika jambo moja leo: mpe maji kabla hajaomba. Kila baada ya dakika 20 hivi, simameni kivulini na kila mtoto anywe mafunda kadhaa. Beba maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Usitegemee madimbwi ya kwenye miamba. Soda haichukui nafasi ya maji. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji hata kukiwa na joto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Mtazame pia. Mdomo mkavu, mkojo mchache wenye rangi iliyokolea, au kulia bila machozi, hizo ni dalili za upungufu wa maji. Mpumzishe kivulini na umnyweshe kidogo kidogo. Akianza kutapika, kulegea au kuongea ovyo, mpunguzie nguo, mpanguse kwa kitambaa chenye maji, na mkimbize kituo cha afya. Aliyelegea sana asinyweshwe kwa nguvu, maana atapaliwa.

Sasa tujiandae. Ondokeni asubuhi na mapema, mwe mmerudi kabla ya jua la saa sita. Kila mtoto avae kofia na viatu vya kufunika vidole alivyokwisha kuvizoea. Vipya vya sikukuu vitamtoa malengelenge. Beba mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na machungwa. Njugu nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka 5, kwani zinaweza kumkaba.

Haja kubwa ifukiwe kwenye shimo, mbali na njia na mbali na maji, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Kwa hiyo kipande cha sabuni kisisahaulike.

Na yule mwokota mawe? Mfundishe kutazama kabla ya kugusa, na asitie mkono kwenye nyufa za miamba, kwa kuwa nyoka hujificha humo. Mtoto akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kukaza. Mtulize, mvue bangili na kiatu upande ulioumwa, asitembee. Mbebeni hadi hospitali mara moja.

Mwisho, mama, kilele hakina zawadi. Mkiishia nusu ya njia, mkala viazi vyenu chini ya mgunga na kurudi salama, mmetembea vya kutosha. Kilima hakihami, mtarudi akiwa na miguu mirefu zaidi.

Jioni, ukikung'uta mawe mifukoni na kufua sweta zenye ndizi, muulize kila mmoja kama amekojoa. Akijibu, "Ndiyo, mara nyingi," ujue ulimnywesha vizuri.