TAA YA PILI KATIKA BAISKELI YAKO

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya taa ya baiskeli, kwani wakati wa mavuno ya karafuu baiskeli nayo ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe.

Wakulima wa Wambaa na wa vijiji vingine vya Pemba wanajua kuwa karafuu haingoji. Karafuu iliyochumwa leo haifai kurundikwa mbichi shambani mpaka kesho. Hupata joto, ikavunda na kupauka, na ikifika kituo cha ununuzi daraja lake limekwisha shuka. Kwa hiyo mchumaji hufunga polo lake juu ya keria akarudi nyumbani magharibi imeshaingia, ili makonyo yachambuliwe usiku huo huo. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Wako watakaosema, "Njia hii naijua hata nikifumba macho." Ni kweli bwana, wewe unaijua njia. Lakini je, dereva anayekuja nyuma yako anajua kuwa wewe upo? Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde moja. Mpaka dereva akuone, akanyage breki na gari isimame, mita 40 hivi zimekwisha pita. Katika njia zetu za vilima na kona, chini ya miembe na mikarafuu, mtu aliyevaa nguo nyeusi huenda asionekane mbali kiasi hicho. Basi taa si ya kukuonesha njia tu. Ni ya kukufanya wewe uonekane.

Sasa, kwa nini tunasema taa ya pili? Dainamo ni nzuri, haili betri. Lakini dainamo ya kawaida huwasha taa pale tu gurudumu linapozunguka. Ukipanda kilima polepole, taa hufifia. Ukisimama, huzimika kabisa. Mvua za vuli zikinyesha, kichwa chake huteleza juu ya tairi. Tochi nayo ina siku yake: betri huisha, na haziishi ukiwa mbele ya duka, huisha ukiwa katikati ya safari.

Basi, ndugu wakulima, tufanye hivi.

Kwanza, kuwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Tena angalieni: polo likining'inia juu ya keria huifunika taa ya nyuma. Fungeni taa nyingine nyuma ya mzigo wenyewe, mahali inapoonekana.

Pili, chukueni tochi ndogo ya akiba. Taa kubwa ikizimika, hiyo ndiyo itakayokufikisha nyumbani, na ndiyo utakayomulikia ukirudisha mnyororo uliotoka.

Tatu, betri za akiba zifungwe katika kitambaa kikavu, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko. Zisichanganywe mfukoni na funguo au sarafu, maana zinaweza kupata moto.

Nne, usitie betri mpya pamoja na kuukuu. Ile kuukuu huipunguzia nguvu mpya, na huweza kuvuja na kuharibu tochi. Tochi isiyotumika msimu mzima itolewe betri. Sisi tunaokaa karibu na bahari tufute vyuma vya ndani mara kwa mara, kwani hewa ya chumvi huvila.

Tano, wenye tochi za kuchaji, ambazo zimezidi tangu Pemba ilipoungwa na umeme wa Tanga mwaka 2010, wazichaji mchana kabla ya kwenda shamba. Umeme ukikatika jioni, usiseme hukuambiwa.

Betri zilizokufa zisitupwe kisimani wala motoni, na watoto wasizichezee.

Ndugu wakulima, bei ya betri mbili ni ndogo. Lakini mguu ukivunjika katikati ya msimu, nani ataupanda mkarafuu wako? Na nani atawalisha watoto mpaka upone? Kabla hujafunga polo leo jioni, washa taa zako zote, moja moja, uzione kwa macho yako. Tahadhari kabla ya hatari.