Wasichana Wetu Walipopanda Wanale

(Hotuba iliyosomwa Kiryandongo, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Tumepewa dakika chache kueleza safari ya wasichana wa shule kwenda Mbale. Tutaanza na lililotuuma. Waliandikishwa wasichana 18, wakapanda basi 14. Wanne walizuiwa nyumbani. Mzazi mmoja alituuliza, "Mwalimu, hiyo ramani ataipika?" Tulicheka naye, lakini siku hiyo hatukuwa na jibu.

Tuliondoka Bweyale kabla ya mapambazuko, tukapita Karuma, Lira na Soroti, tukafika Mbale jioni tumejaa vumbi. Kesho yake tukaenda Wanale, ule mlima wa mawe ulio sehemu ya Elgon, unaosimama juu ya mji kama ukuta. Hapo alitungoja mpima ardhi, mama wa makamo mwenye viatu vya matope. Wasichana wengi walikuwa hawajamwona mwanamke wa kazi hiyo, na kusema kweli sisi walimu pia.

Akawagawia simu chache, akawaeleza kwamba simu hupokea ishara za setilaiti zinazozunguka karibu kilomita 20,000 juu yetu, na kwamba inahitaji angalau nne ili ijue mahali ilipo. Wakaenda wawili wawili kuandika njia, chemchemi na nyumba. Chini ya jabali simu ya mmoja ilimwonyesha yuko ng'ambo ya kijito, naye amesimama huku! Mama akasema si kosa lake, ishara hugonga mawe zikapotoka. Pima tena mahali pa wazi, kisha muulize mwenyeji.

Tulipofika juu, mji wote ulikuwa chini yetu. Akatuonyesha mito ya Nabuyonga na Namatala, iliyofurika usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 ikaua watu zaidi ya 20. Halafu akasema nyuma ya milima ile iko Bududa, ambako tarehe 1 Machi 2010 udongo uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi, wakafa watu zaidi ya 100.

Hapo binti mmoja akasema, "Hao ni jirani zetu wa Panyadoli." Ndiyo, ndugu. Walionusurika, wengi wao waliletwa huku Kiryandongo mwaka ule ule. Tunachota maji nao na kuuziana mihogo nao, nasi hatukuwahi kuona walikotoka. Wasichana walinyamaza kimya.

Kisha yule binti akauliza kama ramani ingewaokoa. Mama hakumdanganya. Alisema ramani haizuii udongo. Lakini ikionyesha mteremko ulivyo mkali na nyumba ziko wapi, mvua ikizidi inajulikana nani ahamishwe kwanza. Mteremko setilaiti inaweza kuupima. Kwamba nyumba ile analala bibi asiyeweza kutembea, setilaiti haijui.

Kazi hii si ya wataalamu wa mbali peke yao. Ramani huria ya dunia, ambayo yeyote anaweza kuiongezea, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora mifereji na nyumba za maeneo ya mafuriko. Hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kinatoa shahada ya upimaji wa ardhi. Mlango wake ni hisabati, somo ambalo wasichana wetu huliacha mapema kwa sababu jioni wako kwenye foleni ya maji.

Tuseme na la nyumbani. Ofisi moja, hatuitaji, ina ramani ukutani inayoonyesha kisima kizima mahali ambapo pampu imekaa miezi bila kutoa tone. Aliyeichora hakudanganya, alipita siku maji yalipokuwapo. Msichana anayebeba dumu kila siku angeirekebisha kwa dakika moja. Kwa hiyo tunaiomba Kamati, na mashirika pia: vitongoji na visima vikipimwa upya, wasichana hawa 14 wawemo, na walipwe kama wapimaji wengine wanavyolipwa. Wasiitwe kuja kushika kamba tu.

Na yule mzazi tunamjibu hivi: maji ya kupikia anayomtuma binti yake kuchota, kuna mtu aliamua kisima kichimbwe wapi, na alikuwa na ramani mkononi.

Majina ya wale wanne tumeyaandika juu kabisa katika orodha ya safari ijayo. Mzazi mwenyewe tunamwona, ameketi mstari wa pili na binti yake ubavuni. Mzee, ukiruhusu, tutakuja kukusalimu baada ya ngoma.