Kazi ya Mkono Isilale Sandukuni



Wengi wetu tunapenda kushona nyumbani jioni. Tunakusanya mabaki ya vitenge, tunaunganisha vipande vichache, kisha kazi tunaiweka kiporo na kuanza nyingine. Sanduku linajaa, ilhali watoto wanajifunika khanga moja. Kiraka kilicho sandukuni hakimpi mtu joto.

Tuwatazame wenzetu wa Marekani. Katika sharika nyingi za Kilutheri huko, vikundi vya kujitolea hushona mablanketi ya viraka, na Lutheran World Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 1945, huyapeleka kwa wakimbizi na waliopatwa na maafa. Kipimo ni inchi 60 kwa 80. Tabaka ni tatu: viraka juu, kitambaa kizima chini, na katikati kitu cha joto, hata blanketi kuukuu. Badala ya kushonwa kwa mishono midogo midogo, tabaka hizo hufungwa pamoja kwa mafundo ya uzi imara kila baada ya inchi chache. Ndiyo maana kazi huisha.

Nasi tufanye hivi. Kwanza, tuamue kipimo kabla ya kukata. Pili, tusianze blanketi jipya kabla la kwanza halijapindwa ukingo. Tatu, aliyekwama alete kazi yake kikundini; mmoja ashike, mwingine afunge mafundo.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Baridi ya Juni na Julai isitukute na viraka mkononi.